Weupe wa jedi ya makaburini

Je, jedi nyeupe ya makaburini, lile jiwe gumu la kuchongea mapambo, ilichongwa ikiwa nyeupe? Hapana, haikuchongwa ikiwa nyeupe. Vipande vingi vya jedi vya makaburi ya Liangzhu, Uchina, vya miaka kama 5,000 iliyopita, vilizikwa vikiwa na rangi ya kijani. Weupe umeingia ardhini. Jedi hiyo ni nefraiti, jiwe lililosukwa kwa nyuzi ndogo mno zilizobanana. Unyevu wa udongo ukizila polepole, unaacha vitundu visivyoonekana kwa macho, mwanga unatawanyika humo na jiwe linapauka. Ni kama barafu: kipande kizima kinapitisha mwanga, ukikisaga kinakuwa cheupe, na ni maji yaleyale. Tazama kipande kilichomeguka: mara nyingine ganda ni jeupe kama chaki, ndani bado kijani.

Ule wekundu wa kahawia kwenye nyufa ni kutu ya chuma kutoka udongoni. Kwenye jedi ya makaburi ya enzi za baadaye, madoa ya kijani kibichi mara nyingi ni ya shaba iliyozikwa kando yake.

Ila jamani, usinunue jedi ukidhani ni ya kale kwa kuangalia weupe tu. Moto nao huipausha jedi, na waghushi wanalijua hilo siku nyingi.