Kabla hujaomba mchango, wape wazazi habari

Barua ya shule ikifika nyumbani kijijini kwetu, mzazi haulizi imeandikwa nini. Anauliza, "Shilingi ngapi?" Mtoto bado amevaa begi mgongoni, karatasi haijakunjuliwa, swali limeshatoka. Na mara nyingi mzazi hajakosea.

Nafundisha shule ndogo ya msingi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ukitaka kuja kwetu unapanda boti pale Kibirizi, unabanana na viroba vya unga na kreti za soda mpaka ufike. Wanafunzi hawafiki mia tatu. Walimu tuko saba, kwa hiyo kila mtu ana kofia tatu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwalimu wa michezo, na kwa miaka kadhaa sasa ni "mwalimu wa habari", cheo ambacho hakimo kwenye waraka wowote. Mwalimu mkuu alinipa kwa sababu eti nina mwandiko mzuri ubaoni. Naandika haya kwa mwalimu mwenzangu aliyebebeshwa kazi kama hii katika shule ndogo, asije akapita njia niliyopita mimi.

Kikao cha kwanza nilichoitisha kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Niliandika tangazo zuri ubaoni, wanafunzi wakalinakili kwenye madaftari, wakaenda nalo nyumbani. Wakaja wazazi tisa. Tisa, na wawili kati yao ni wajumbe wa kamati ya shule, ambao wangekuja hata ningewaita kuhesabu kokoto. Mchana nikateremka mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa na kuanikwa, na hasira zangu zote. Nikamkuta bibi mmoja, wajukuu zake wanne wako kwetu, ameinama anageuza dagaa kwenye mchanga kwa fagio la chelewa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza, kwa adabu iliyokuwa imenibakia, mbona watu hawakuja.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "utaitaje watu na giza hili?"

Jua lilikuwa la utosi. Mchanga unaunguza mpaka unausikia ndani ya kandambili. Nikatazama juu, nikamtazama yeye, nikasema moyoni huyu bibi sasa umri umemfika. Akaniona ninavyohangaika, akacheka, akaacha fagio, akanielekeza kama mtoto wa awali.

Giza alilokuwa analisema ni la mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawakusanya, wavu unawainua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limewaka, taa haina kazi, dagaa wametawanyika, wavuvi wanapumzika. Mwezi ukiisha, ndiyo kazi. Kwa hiyo Alhamisi yangu ile, saa nne asubuhi, baba wa watoto wangu alikuwa amelala baada ya kukesha majini, na mama alikuwa na mzigo alioununua alfajiri ambao usipoanikwa na kugeuzwa kwa wakati unaharibika. Mimi nilikuwa nawaita waje kusikiliza ajenda saba, ya saba ikiwa "mengineyo".

Tangu siku ile sipangi kikao kwa kalenda ya ukutani. Njia yangu ni rahisi: namuuliza imamu au muumini yeyote leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Akiniambia iko kati ya kumi na mbili na kumi na saba, basi mwezi umejaa, baba wako nyumbani wanashona nyavu, mama wana nafasi. Kikao cha pili nilikiweka siku ya kumi na nne. Viti havikutosha, watu wakakaa kwenye dirisha.

Wewe huenda huko kwenu hamna ziwa, lakini mwezi wenu mnao. Mwenzangu niliyesoma naye chuo anafundisha upande wa Kaliua, Tabora, kwenye tumbaku. Anasema majani yakiwa kwenye bani, ile nyumba ya kuyakaushia kwa moto, kuna mtu anakesha na moto usiku kucha, na ukimwita mtu huyo asubuhi utapata mwili wake tu. Jua kwanza watu wako wanakula nini na wanakipata saa ngapi. Ratiba ya shule itajipanga nyuma ya hilo.

Haya, sasa watu wanakuja. Unawaambia nini? Hapa ndipo shule nyingi tunaharibu, na ndicho hasa kilichonifanya nikae niandike. Tunawatafuta wazazi tukiwa na shida tu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ada na michango ya lazima haipo, lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto vimebaki kwa mzazi, na uji wa shule hauchemki kwa waraka. Lazima mtu aombe. Mzazi naye amesikia redioni kwamba elimu ni bure. Ukimwandikia mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili unaomba, atakuona kama mtu wa mkopo, na utafichwa kama anavyofichwa mtu wa mkopo.

Dawa niliyoipata ni hii: habari tatu zisizo na hela ndani yake, kabla ya ombi moja. Mwanzoni nilikuwa nahesabu kabisa kwenye daftari.

Zinatoka wapi? Mwaloni palikuwa na mtumbwi wa mbao uliochakaa, umelala ubavu miaka mingi. Tuliomba ubavu mmoja kwa mwenyewe, fundi akatutolea mbao, tukazipaka rangi nyeusi ya ubao, tukapata ubao wa habari, tukausimamisha karibu na vichanja vya dagaa. Tangazo la shule lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu linasomwa na walimu, ambao wanajua tayari. Peleka ubao kule mzazi anakosimama. Kwingine ni mashineni kwa kusagia, kwingine ni kisimani.

Kila Ijumaa wanafunzi wawili wa darasa la tatu wanaandika habari za wiki. Sentensi tano, siyo sita. Nawasahihishia herufi, sigusi maneno. Kisha wanateremka nazo, mmoja anaandika ubaoni, mwingine anasoma kwa sauti, kwa sababu mama wengi pale hawasomi, na hata anayesoma mikono yake imejaa dagaa. Sikupanga iwe somo, lakini mtoto aliyekuwa akinong'ona darasani akikuta mama thelathini wanamsikiliza, anajifunza kusoma kwa nukta na mkato bila bakora.

Habari iliyoubeba ubao huu ilitoka wiki ya tatu. Nainukuu kama ilivyoandikwa, kwa sababu naikumbuka vizuri kuliko ningependa:

"Jumatatu nyani wawili waliingia stoo ya chakula. Mmoja alikaa juu ya gunia la maharage. Mwalimu wa zamu alikwenda kuwafukuza. Nyani alisimama. Mwalimu wa zamu alikimbia."

Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. (Ambaye hajawahi kutazamana na nyani dume mlangoni asinihukumu.) Nilifikiria kufuta sentensi ya mwisho. Namshukuru Mungu sikufuta. Wiki nzima nikipita mwaloni kuna mtu anasimama ghafla kama nyani na wengine wanaangua kicheko. Ijumaa iliyofuata, kabla watoto hawajafika, watu walishajipanga kusikiliza. Ilipofika zamu ya kuomba mlango wa stoo, mlango ulipatikana siku tatu. Sikuandika barua. Kila mtu alikuwa anajua kwa nini unahitajika.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, usiandike "taaluma inaendelea vizuri". Hakuna anayejua maana yake. Andika kwamba watoto kumi na mmoja wa darasa la pili ambao Januari walikuwa hawajui kusoma sasa wanasoma aya nzima. Andika kwamba timu ya netiboli imefungwa 21 kwa 9, na useme aliyefunga hayo tisa. Andika kwamba miche ya Roots & Shoots, klabu ya wanafunzi ya kutunza mazingira, imeliwa na mbuzi, na kwamba mbuzi anajulikana. Klabu hiyo sisi wa Kigoma tunaiona kama ya nyumbani, maana Jane Goodall aliyeianzisha mwaka 1991 alifikia hapa Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Lakini mbuzi hajali historia, na mwenye mbuzi aliposikia ubaoni alikuja mwenyewe na miti ya uzio.

Sasa kosa langu, na hili sitanii nalo. Baada ya mtihani wa muhula nilibandika matokeo ya darasa la sita lote, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa majina. Ndivyo tulivyozoea wote, hata mimi nilisoma hivyo. Mvulana wa mwisho, jina lake likasomwa mwaloni mbele ya mama yake na wateja wake. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Ilipofika Ijumaa nikasikia yuko na wajomba zake anachota maji kwenye mtumbwi usiku. Nilikwenda kwao mara nne. Mara ya nne baba yake akaniambia, "Mwalimu, mwanangu ulishamtangaza, sasa unamtafuta wa nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Alirudi baadaye, baada ya mwalimu mkuu kwenda yeye, lakini hakuwahi kunitazama usoni tena mpaka anamaliza la saba.

Tangu hapo ubaoni hakuna jina la aliyeshindwa, hakuna jina la asiyechanga, hakuna jina la aliyeadhibiwa. Matokeo mzazi anaitwa anaambiwa mwenyewe, kwa kituo, akiwa amekaa kwenye kiti.

Upande wa michango, kanuni yangu ni moja: kilichoingia kionekane kimetoka. Wazazi wetu wengi hawana fedha taslimu lakini wana dagaa, basi chakula cha mchana wanachangia kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Mwisho wa wiki watoto wanasoma: zimeingia sado kumi na nne, zimeliwa kumi na moja, zimebaki tatu. Kuna mama alinisimamisha kunieleza kwamba yeye alileta mbili na kwa hesabu yake zilitakiwa kubaki nne. Tukaenda stoo pamoja. Zilikuwa nne. Tukasahihisha ubaoni, na kwa maoni yangu masahihisho yale yalituongezea heshima kuliko mahafali mazima yenye keki.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nilidhani ubao utakufa. Sado zilikauka kweli, tukapika uji mwepesi. Lakini wanaume walikuwa nchi kavu mchana kutwa, na mtu asiye na kazi huwa anasoma kila kitu. Tuliandika habari, bila kuomba chochote, kwamba madawati kumi na tisa ya darasa la nne yamevunjika na watoto wanakaa chini. Mafundi wa mitumbwi wakapanda wenyewe na randa zao. Madawati yale yana misumari ya boti hadi leo. Sijui kama yanaelea, ila hayavunjiki.

Kuhusu kundi la WhatsApp: tunalo. Lina watu thelathini na kitu, nusu wakiwa ni wale waliohamia mjini. Wengi kijijini wana kitochi, na wenye simu janja hawana bando kila siku. Tuma sauti badala ya maandishi marefu, usitume picha ya mtoto bila mzazi wake kujua, funga kundi usiku watu wasigeuze la siasa. Msikitini na kanisani peleka karatasi fupi yenye jambo moja, kwa herufi kubwa, siku moja kabla. Imamu au mzee wa kanisa akipewa mambo matano atasoma mawili, na hayatakuwa yale uliyoyataka.

Ziwa nalo limekuwa likipanda miaka hii, mmesikia. Ufukwe tuliousimamishia ubao mwanzoni sasa ni maji, na tumeshauhamisha mara mbili. Mara ya mwisho hatukuuhamisha sisi. Nilishuka Jumatatu asubuhi baada ya usiku wa mawimbi, nikijua nimeukosa, nikaukuta juu kabisa, umepigiliwa kwenye mwembe, kando ya vichanja ambavyo navyo vilikuwa vimepandishwa usiku huohuo. Zilikuwa siku za giza, wanaume wote wako majini, kwa hiyo kazi ile waliifanya mama peke yao, bila hata tochi ya kutosha. Habari za Ijumaa zilikuwa bado zinasomeka, ila kichwa chini miguu juu. Mmoja akasema tungoje, wataugeuza jioni. Nikamwambia asihangaike, nikafuta, nikawapa watoto chaki.