Uvimbe wa chini ya taya unaokuja wakati wa kula
Umeuliza kama mzee anayevimba chini ya taya kila akila ana matumbwitumbwi. Hapana, hayo si matumbwitumbwi. Uvimbe wa chini ya taya unaojaa mzee akianza kula, kisha unanywea baada ya muda, mara nyingi ni kijiwe kilichoziba mrija wa tezi ya mate. Matumbwitumbwi kwa kawaida huvimba karibu na sikio na hukaa siku kadhaa, chakula au hakuna chakula. Nipo kliniki ya meno hapa Moshi, vijiwe hivi tunaviona: mwambie anyanyue ulimi, ukipapasa chini yake unaweza kugusa kitu kigumu kama punje ya mchele. Anywe maji mengi, anyonye ndimu, akande uvimbe taratibu kutoka nyuma kuja mbele. Akipata homa au usaha, aende hospitali ya KCMC siku hiyo hiyo. Na uvimbe usiopungua kabisa, hata kama hauumi, lazima upimwe.