Majilio ukiwa na duka Kariakoo

Tumsifu Yesu Kristo.

Dada umeuliza utaandaaje moyo kipindi cha Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli (Krismasi), wakati Desemba ndiyo mwezi ambao duka halikupi hata nafasi ya kukaa. Umesema pia kwamba wewe na wifi yako hamsemezani tangu msiba wa mwaka jana. Riziki yangu nami iko Kariakoo, kwa hiyo Desemba unayoisema naijua. Mtaa wa Kongo haupitiki, kila mzazi anatafuta nguo za sikukuu, na wanaokwenda Moshi na Bukoba wanataka mzigo wao leo leo.

Kwanza, usidhani kazi yako ndiyo kizuizi. Dominika ya Kwanza ya Majilio, katika Mwaka A wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu (A, B na C), Injili ya Mathayo 24 inataja wanaume wawili shambani na wanawake wawili wakisaga. Bwana anakuja na kuwakuta kazini! Majilio yana siku kati ya 22 na 28 tu, na hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatuelekeza zaidi kwa Kristo atakayerudi. Kuanzia tarehe 17 ndipo yanageukia moja kwa moja kuzaliwa kwake Bethlehemu. Tukianza kuimba Noeli dukani mwezi wa kumi na moja, sehemu hiyo ya kwanza inatupita kabisa.

Kilichonisaidia mimi kuliko vyote ni Luka 3, Injili ya Dominika ya Tatu ya Mwaka C. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji, tufanye nini? Yohane hawaambii watoza ushuru waache kazi, anawaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari anawaambia wasidhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Nikajiuliza, mfanyabiashara wa Kariakoo angeambiwa nini pale mtoni?

Tangu hapo, kila Majilio nafungua daftari la madeni mapema, nalisoma kama sehemu ya kuchunguza dhamiri. Nani namdai kwa ukali usiostahili? Nani ananidai nami namkwepa? Kijana wa dukani atalipwa kabla hajasafiri, au nitamwambia asubiri Januari? Bei niliyompa yule mama wa Mbagala ningempa na mtu anayeijua bidhaa? Mama mmoja mwenye genge alikuwa akizunguka mtaa wa nyuma asinione kwa sababu ya deni. Tukakaa, tukapunguza, akaanza kupita tena mbele ya duka na kunisalimia. Siku ile nilielewa maneno ya Isaya, kila kilima kishushwe, njia ya Bwana inyooshwe, kuliko nilivyowahi kuyaelewa.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, usikiache hadi wiki ya mwisho, maana foleni ni ndefu na wewe utakuwa umechoka. Wiki ya pili inafaa sana. Parokia ya Msimbazi ni jirani, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu haliko mbali. Ulizia ratiba yao. Kama jumuiya yenu ndogondogo ya waamini majirani inasali Jumamosi alfajiri kama yetu, nenda ukasali nao kabla ya kufungua duka. Nyumbani, shada la Majilio lenye mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi linatosha kuwakusanya watoto. Washeni, someni Injili ya siku, salini fumbo moja la rozari. Umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi, hakuna runinga ya kushindana nayo.

Sasa wifi yako. Hapa sitazunguka, maana naamini ndipo Majilio yako yalipo mwaka huu. Bwana wetu anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya altare, ukapatane naye kwanza. Usingoje mkutane ukweni siku ya Noeli mbele ya watu wote, na mashemeji wakiangalia nani ataanza. Mpigie wiki hii, jioni ukishafunga hesabu. Msalimie, muulize watoto, mpe pole ya ule msiba kana kwamba hujawahi kumpa. Asipopokea, mwandikie ujumbe mfupi usio na hesabu ya nani alimkosea nani, kisha nenda ukaungame. Akijibu baada ya siku tatu au baada ya mwezi, mpokee vilevile.