Asubuhi ziwa lilipogeuka jeusi

SWALI: Salaam mzee. Mimi naishi Kigungu hapa Entebbe, ukikaa kwenye baraza letu unaona Ziwa Victoria lote mpaka visiwani. Juzi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nachemsha chai ya watoto, hewa imetulia hata jani halitikisiki, jua ndo linaanza kutoka, alafu nikaona upande ule ule wa jua kumekuwa cheusi kama masizi ya sufuria, visiwa vikaanza kupotea kimoja kimoja. Haikupita nusu saa upepo wa baridi ukatupiga ghafla, nguo zote zikatoka kwenye kamba, bati la choo cha jirani likaruka, ndo mvua ikashuka na radi juu. Saa tatu jua kali kama hakuna kitu. Nilikaa barazani nikaangalia mwanzo mwisho maana ilikuwa nzuri sana mzee, lakini mama mkwe amenigombeza eti nilijifunga leso nyekundu na radi inafuata wekundu. Ni kweli? Na mbona kwetu Lira, kule kaskazini mwa Uganda, mvua kama hiyo inakuja jioni, hapa inakuja asubuhi?

JIBU: Wa alaikum salaam dada. Nianze na hilo la Lira maana hapo ndo kuna utamu.

Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, inajenga mawingu, jioni yanamwagika, ndo mvua ya Lira hiyo. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa haraka lakini ziwa, kilomita za mraba karibu 68,800 za maji ya vuguvugu, halipoi, basi upepo unatoka kandokando zote, huku kwetu, Kenya na Tanzania, unaelekea katikati ya ziwa, na hewa ikishakutana huko haina pa kwenda isipokuwa juu, ikiwa imebeba unyevu wote ule. Kwa hiyo wakati nyinyi mmelala dhoruba inapikwa kule majini usiku kucha. Alafu pepo za hapa kwetu zinavuma sana kutoka mashariki, zinaisukuma polepole upande wa magharibi, alfajiri inawafikia nyinyi wa Entebbe. Ndo maana uliiona ikitokea upande wa jua.

Na ule upepo wa baridi ni wa mvua yenyewe. Mvua ikishuka inapoza hewa, hewa baridi ni nzito inaanguka mpaka majini, inatawanyika mbio na kutangulia mbele ya mvua. Ukiusikia umebaki na dakika chache tu.

Sasa leso. Mama mkwe mheshimu, hata jajja (bibi) yangu alikuwa anafunika kioo kwa shuka tukisikia ngurumo, lakini radi haichagui rangi wala haina habari na kioo, inatafuta kilicho juu na kilicho peke yake, mti, mlingoti, mtu aliyesimama uwanjani au kwenye mtumbwi. Lakini kukugombeza alikuwa na haki dada, sababu siyo leso, ni baraza. Baraza siyo ndani! Radi inaweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka pale mvua inaponyesha, kwa hiyo wewe uliyesubiri matone ya kwanza ulikuwa umeshachelewa. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ni kilomita, ila mimi nakwambia ukisikia ngurumo yoyote usihesabu kitu, ingia na watoto, chomoa TV na chaja, kaeni mbali na ukuta na bomba, angalia kwa dirisha lililofungwa, na msitoke mpaka nusu saa ipite toka ngurumo ya mwisho. Nasema hivi kwa uchungu, mwaka 2011 kule Kiryandongo radi moja iliua watoto 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni, mpaka leo nikisikia ngurumo mchana nawafikiria wale wazazi.

Kuna kitu hukuniuliza lakini unakaa Kigungu, lazima kuna mtu wako anavua mukene, yani dagaa. Hawa wanatoka na taa usiku wa giza, yani saa zile zile dhoruba inapikwa. Baraza lako hilo linaweza kuwasaidia. Saa mbili tatu usiku angalia kusini mashariki, ukiona mwanga unawaka waka chini kabisa kwenye upeo bila sauti, usidhani ni joto tu kama watu wanavyosema, hiyo ni dhoruba kweli, iko mbali tu ngurumo haifiki. Wapigie simu kabla hawajasukuma boti.