Bunge la Uingereza na mikataba ya biashara

SWALI: Tangu Uingereza itoke katika Umoja wa Ulaya, serikali yake hujadili yenyewe mikataba ya biashara. Je, Bunge lina uwezo gani wa kuihoji wizara husika?

JIBU: Wizara ya Biashara ya Kimataifa iliundwa mwaka 2016, na baraza la chini la Bunge likaunda kamati ya kuisimamia, yenye kumhoji waziri, kudai nyaraka na kupokea ushahidi wa wadau. Wizara hiyo iliunganishwa na nyingine Februari 2023, kamati yake ikavunjwa, na jukumu likahamia kwa kamati yenye mambo mengi zaidi, hatua ambayo naiona kuwa hasara.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, umo katika sheria ya mwaka 2010, inayotaka mkataba uwekwe mezani bungeni kwa siku 21 za vikao kabla ya kuridhiwa. Baraza la chini likiupinga, laweza kuahirisha uridhiaji, hata tena na tena, lakini haliwezi kurekebisha kifungu chochote, na serikali hailazimiki kutenga muda wa mjadala. Ndiyo maana mahojiano ya kamati yana thamani zaidi mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, kabla ya sahihi kutiwa.