Lushoto na familia mwezi Novemba: kwa mleta uzi aliyeuliza kama inafaa

Mkuu, umeuliza kama kuipeleka familia Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa gari lenu katikati ya Novemba ni busara au msubiri Desemba, na umesema mtakuwa na kijana aliyemaliza darasa la saba, mdogo wa miaka mitano na mama yako mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema usubiri, kisa mvua. Mimi nasema nendeni Novemba. Mke wangu kwao ni Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, barabara ile tumeipanda misimu yote, na kwa watu wenye watoto na wazee sijaona mwezi mzuri kuupita huo, mradi mfuate masharti yake.

Desemba kwanza. Kuanzia katikati ya mwezi ule barabara ya kaskazini inakuwa ya watu wanaowahi kwao. Wachaga wanapanda, Wapare wanapanda, mabasi yanafukuzana, na kila mahali pa kulala pamejaa kwa bei ya sikukuu. Novemba barabara ni ile ile lakini inapumua. Kijana wako yuko nyumbani tangu mtihani wa Septemba, anasubiri kidato cha kwanza Januari, kwa hiyo shule haiwazuii. Vyumba vipo, na mwenye nyumba ya wageni anapokea simu yako mwenyewe, unapata nafasi ya kumuuliza mambo ya maana: maji ya moto yanatoka saa ngapi, umeme ukikatika kuna nini, chumba cha mama kina ngazi ngapi, kuna mahali pa kuotea moto. Hilo la ngazi usilisahau. Lushoto ni mji wa miteremko, na nyumba nyingi zenye mandhari nzuri zimejengwa juu ya ngazi.

Sasa mvua. Vuli kule, kwa jinsi tulivyoizoea, hupenda kushuka mchana kuelekea jioni. Asubuhi inaweza kuwa na ukungu mzito, kisha jua likatoka, halafu saa nane au tisa mchana mawingu yakarudi na maji. Si sheria, kuna siku inanyesha tangu alfajiri, lakini ratiba nzima ya familia ijengeni juu ya hilo: kila kinachohitaji barabara au macho kifanyike kabla ya chakula cha mchana, na jioni iwe ya chai, moto na karata. Wanaolalamika kwamba Novemba imewaharibia safari, wengi wao walipanga kama wako Juni, vivutio vinne kwa siku.

Ndiyo maana Dar mtoke mapema sana, saa kumi na moja alfajiri gari liwe linatembea. Kama mnakaa upande wa Tegeta au Bunju, piteni Bagamoyo mtokee Msata, mtakuwa mmekwepa msongamano wa Kibaha na Chalinze. Kutoka Msata ni Wami, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo. Chukulieni safari ya saa sita hadi saba pamoja na kusimama, maana una mtoto na mzee. Kwenye vijiji vibao vya 50 viheshimu bila mjadala, trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, na watoto wanavuka kwenda shule. Mkifika Segera au Korogwe nyoosheni miguu, mama atembee kidogo, magoti yakikaa muda mrefu yanakaza.

Mombo ndipo pa kuwa makini. Kutoka pale hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za lami, lakini mnapanda takriban mita 1,000 kwenye barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona. Kabla ya kuanza kupanda pumzisheni gari na angalieni maji ya rejeta. Kona usiyoiona mbele piga honi, maana fuso za kabichi na karoti zinashuka zimejaa. Mdogo akae pale anapoweza kuona mbele, simu aweke chini, na asile vitu vya mafuta Mombo. Watoto wengi hutapika pale kwa sababu ya kuinamia simu kwenye kona. Mvua kubwa ikiwakuta bado mko Mombo, kaeni hapo hapo mpaka ipite, kwa sababu ndiyo inayoshusha mawe na udongo barabarani. Giza likiwakuta chini, laleni Mombo au Korogwe.

Kurudi ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kupanda, na hapa nitakaa kidogo. Magari yetu mengi ya familia ni ya gia otomatiki, na dereva aliyezoea Dar anashuka na D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, huku mguu uko kwenye breki kuanzia Lushoto hadi Mombo. Nimemwona shemeji akisimama karibu na Soni moshi ukitoka magurudumu ya mbele, harufu kama plastiki inayoungua. Breki zikipata joto hivyo zinapoteza nguvu, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama hadi chini bila kushika. Kwa hiyo tangu mnaanza kuteremka zima O/D (overdrive, kitufe cha gia ya juu) au weka gia kwenye 2, pale pakali zaidi weka L, gia ya chini kabisa, injini itanguruma na ndiyo itakayolizuia gari. Breki kanyaga kwa nguvu kiasi, achia, kanyaga tena, usiegemeze mguu. Ukisikia ile harufu, simama mahali papana, acha gari lipoe taratibu, na usimwagie maji magurudumu, diski inaweza kupinda au kupasuka. Kabla ya safari mpeleke gari kwa fundi aangalie pedi na mafuta ya breki, siyo oili ya injini peke yake. Na matairi yenye kashata zinazoonekana, tafadhali.

Kuhusu pa kwenda, mimi ningepunguza. Irente ndiyo ya lazima: unasimama ukingoni na chini kabisa unaona Mazinde, barabara kuu na nyika ya Wamasai inayopotea upeoni. Ni kilomita chache kutoka mjini lakini njia ni ya udongo, kwa hiyo asubuhi, na kwa sababu ya ukungu iwekeni siku ya kwanza ili mkikosa mrudie kesho yake. Njiani kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mkate wa rai (nafaka ya rye) na jamu zao. Mama mkwe alikaa pale kivulini na sahani yake ya mkate na jibini, akatuambia tumfuate tukimaliza kutembea. Mpe mama yako nafasi hiyo hiyo, asilazimishwe kuona kila kitu.

Msitu wa Magamba ni kwa ajili yako na kijana, mkitafuta mbega, wale nyani weusi wenye manyoya meupe. Chukueni mwongozo, vaeni viatu vinavyoshika, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo salio la simu liwepo. Mtae watu watawasifia, na kweli ni pazuri, kijiji kiko ncha ya mlima na hifadhi ya Mkomazi iko chini yake. Lakini barabara ni ya udongo, ndefu na ya mabondeni. Novemba, na mzee ndani ya gari, iacheni.

Kijana akiwa na hamu ya historia, mwambieni Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, na kwamba Vuga, upande wa Soni, ndiko kulikokuwa na makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyefariki 1862. Muulizeni mzee yeyote wa pale habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akawa mtawala wao, mtasimuliwa vizuri kuliko nitakavyoandika hapa.

Nguo: usiku wa Novemba si kama wa Julai, lakini anayetoka Dar ataona baridi. Sweta kila mtu, soksi, na blanketi jepesi la mama ndani ya gari. Mboga na matunda nunueni asubuhi ya kuondoka, sokoni. Mkikuta pichesi na plamsi zimeanza, zipangeni juu, kabichi chini.

Siku ya kurudi tokeni Lushoto baada ya ukungu kuinuka lakini kabla ya saa tano. Tarehe ikishapangwa andika hapa aina ya gari na hali ya matairi, na useme mama anaweza kupanda ngazi ngapi, nitakutajia inbox nyumba mbili za wageni tulizolala ambazo gari linafika mlangoni.