Kabla ya Kusugua Ubavu Mweupe wa Tairi la Kale

Wewe unayeanza kazi ya kufufua magari ya kale, ukikuta ubavu mweupe wa tairi umegeuka njano au kahawia, usikimbilie brashi. Chuchumaa kwanza, chukua kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni, usugue sehemu ndogo isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Kitambaa kikichafuka na weupe ukaonekana, doa hilo limetoka nje, yaani ni tope, vumbi la breki au mafuta, nalo litaondoka. Kitambaa kikitoka safi na njano ikabaki palepale, rangi hiyo imo ndani ya mpira wenyewe, na kazi yako itakuwa nyingine kabisa.

Kuelewa sababu yake kutakuokolea siku nyingi. Matairi ya magari ya mwanzo yalikuwa meupe yote kwa sababu mpira wa asili ulichanganywa na oksidi ya zinki. Baadaye, kuanzia miaka ya 1910, watengenezaji walizoea kuongeza masizi ya kaboni yanayoufanya mpira usilike upesi, na weupe ukabaki ubavuni kama pambo lililopendwa mno hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo katika tairi moja kuna mpira mweusi na mweupe vilivyoshikana. Mpira mweusi hutiwa mafuta pamoja na kemikali za kuukinga na ozoni, gesi iliyomo hewani, ili usipasuke, na kemikali hizo hazitulii mahali pamoja, bali hupenya polepole hadi kwenye mpira mweupe na kugeuka kahawia zinapokutana na hewa na jua.

Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Nilifuta matairi manne kwa petroli, yakang'aa jioni ile hata nikafurahi, lakini baada ya wiki chache njano ilirudi ikiwa imekolea kuliko mwanzo. Petroli hulainisha mpira na kuyavuta yale mafuta ya ndani yaje juu. Dawa za kung'arishia tairi zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli nazo zina madhara ya aina hiyo, na dawa ya klorini ya kupaushia nguo huukausha mpira mpaka ukaanza kufanya nyufa, kwa hiyo sikushauri kuitumia hata kama ubavu utaonekana mweupe siku ya kwanza.

Doa la nje litoe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi ngumu ya nailoni, ukisuuza kabla povu halijakauka. Doa la ndani lililo karibu na uso linaweza kupunguzwa kwa msasa laini, namba 400, uliolowekwa katika maji ya sabuni. Sugua ukiufuata mviringo wa tairi, usikate kwa upande, kwa maana mikwaruzo ya kukatisha itanasa uchafu na kuonekana kwa mbali; tena kinga rimu, hasa iliyopakwa kromu. Simama kila baada ya mizunguko michache utazame, kwa sababu tabaka jeupe ni jembamba, na ukilimaliza utakutana na mpira mweusi ambao hakuna dawa ya kuurudisha kuwa mweupe. Rangi ya kupaka juu hupasuka, kwani ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka.

Tairi lenye nyufa usilisugue kwa msasa hata kidogo. Libadilishe, na hapo pana jambo ambalo wengi hawaambiwi: matairi mapya ya aina hii mara nyingi hufika yakiwa yamepakwa utando wa buluu wa kuulinda weupe. Uoshe wote kwa maji ya vuguvugu na sabuni mara tu yanapofungwa, kabla gari halijaingia barabarani wala kuachwa juani, kwa sababu ukikaa muda mrefu huacha doa lake lenyewe.